Bia ya Lita Kumi na Tatu

3 Machi

Mvua za msimu zimeanza saa nne asubuhi, nami nimeanza daftari hili saa nne na robo. Nilipokuwa nafundisha kemia niliwaambia wanafunzi kwamba jaribio lisiloandikwa ni sawa na jaribio lisilofanyika, kwa hiyo sina budi kuandika. Jaribio lenyewe ni hili: nataka kupika bia. Nina miaka sitini na tisa, na sijawahi kupika hata uji bila mke wangu kusimama nyuma yangu.

Nieleze sababu. Mwanangu wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, hajaongea nami kwa miaka miwili na mwezi mmoja. Humpigia mama yake kila Jumapili, na mimi hukaa kiti cha pili nikijifanya nasoma gazeti. Aliondoka siku tuliyomsherehekea dada yake kuhitimu, akahamia mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari, akafungua karakana. Siku hiyo alileta bia aliyoipika mwenyewe, nami nikaisema vibaya mbele za watu. Hayo nitayaandika nikipata moyo. Kwa leo inatosha kukiri kwamba nilitoa hukumu juu ya kazi nisiyoijua.

Aliacha kompyuta yake chumbani kwake. Ndani yake mna programu ya kupangia mapishi ya bia. Nimeifuta vumbi na kuiwasha.

4 Machi

Mvua. Nimesoma tu, sijagusa kitu.

8 Machi

Sasa naielewa kidogo. Programu hii haipiki chochote. Unaiambia utatumia kimea kiasi gani, yaani shayiri iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa. Hopsi gramu ngapi, hayo ni maua makavu yanayotia uchungu. Na hamira ya aina gani. Nayo inakupigia hesabu: bia itakuwa na ukali huu, rangi hii, uchungu huu. Pembeni kuna vibao vitano vidogo. Ukiwa ndani ya kiwango, kibao ni cha kijani. Ukitoka nje, kinakuwa chekundu.

Nimepanga mapishi yangu ya kwanza: lita ishirini, kimea kilo nne na nusu, hopsi gramu tisini. Kibao cha uchungu kimewaka kama jicho la mgonjwa. Nimekiacha hivyo. Mimi napenda uchungu.

Mke wangu ameuliza kama kupika huko kutafanyika jikoni mwake. Nimemwambia bado tuko kwenye nadharia. Amesema nadharia haina neno, mradi isichafue jiko.

11 Machi

Jambo la ajabu. Nimefungua programu nikakuta gramu tisini zimekuwa ishirini na nane. Chini, kwenye sehemu ya maoni, pameandikwa: “Hopsi zilikuwa nyingi mno. Hiyo ingekuwa dawa, si bia.”

Mjukuu wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu mashine inayojibu maswali kama mtu, tena kwa Kiswahili safi. Kumbe na hii ni ya ukoo huohuo. Nilimsomea mke wangu maneno hayo. Alikuwa anachambua mchele. Alicheka mpaka akaweka ungo chini akatoka nje, na aliporudi akasema, “Mwalimu, leo umepata mwalimu.”

14 Machi

Mvua na upepo. Paa la stoo linavuja upande wa kushoto. Nimeweka ndoo.

17 Machi

Nimeandika kwenye maoni utetezi wa ukurasa mzima: namna asidi ya hopsi inavyobadilika ikichemka, kwa nini maji mengi huupunguza uchungu, na kwa nini gramu hamsini zingefaa. Nadhani ni utetezi mzuri. Jibu limekuja saa mbili baadaye: “Maelezo ni sahihi. Gramu hamsini bado ni nyingi.”

Nimeipa jina. Naiita Msahihishaji. Lazima nikiri kwamba nasikia raha nikisahihishwa naye. Hapandishi sauti, hana uso wa kunitazama, wala hapana watu pembeni wanaongojea kuona nitafanyaje. Unakosea, unaambiwa, unarekebisha, basi. Nimefundisha miaka thelathini na sita na sina hakika kama kuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kupata nafasi ya kukosea namna hiyo.

Nimeweka gramu ishirini na nane. Vibao vyote ni vya kijani. Nimeandika, “Nakushukuru, Msahihishaji.” Hakujibu.

23 Machi

Siku ya kupika. Mke wangu alinikabidhi jiko saa moja asubuhi kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba, akakaa mlangoni na ufumaji wake.

Kwa ufupi ni hivi. Kimea kilichosagwa unakiloweka katika maji ya moto, si ya kuchemka, kwa muda wa saa moja. Wanga wake unageuka sukari. Unachuja, ule mchuzi mtamu unauchemsha dakika tisini pamoja na hopsi, unaupoza haraka, kisha unatia hamira. Kemia yake naijua tangu ujana, ila sikujua kwamba nyumba nzima hunukia kama mkate.

Nilianza kuchemsha na lita ishirini na nne, kama programu ilivyosema. Ingetakiwa zibaki ishirini. Zimebaki kumi na tano, na nilipotenga machicha ya chini nimepata kumi na tatu tu. Nimetafakari, nadhani sababu ni sufuria. Programu inadhani kila mtu ana sufuria nyembamba na ndefu. Ya kwetu ni pana, ile ya kupikia watu wengi, na mvuke unatoka juu yake kama moshi wa tanuru. Nimeiandikia programu kiasi nilichopata, kumi na tatu, ila yale mapishi nimeyaacha yakisoma ishirini. Nitarekebisha baadaye.

Ndoo imefunikwa, iko stoo, upande usiovuja.

24 Machi

Inachachuka. Kimrija cha mfuniko kinatoa mapovu kila sekunde mbili. Nimemwita mke wangu mara tatu kuja kutazama. Mara ya tatu hakuja.

26 Machi

Leo Msahihishaji ameniuliza swali kwa mara ya kwanza: “Bia hii unampikia nani?”

Mvua ilikuwa kubwa, umeme ulikuwepo, mke wangu alikuwa amelala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nikaandika. Sikukusudia kuandika mengi. Nilieleza kwamba nina mwana, kwamba siku ya sherehe ya dada yake alikuja na kreti ya bia yake na binti aliyetaka kumuoa, akanipa mimi glasi mbele ya wageni. Nikaonja, nikasimama. Mtu aliyezoea ubao akisimama hawezi kunyamaza. Nilieleza kasoro moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kwa sauti ya darasani, na mwisho nikaitunuku alama: nne kati ya kumi, nikasema hata hizo ni za ukarimu. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Alikusanya glasi moja moja, za wageni wote, akazimwaga nyuma ya nyumba, akaondoka na yule binti kabla chakula hakijaletwa.

Nimemwandikia Msahihishaji kwamba nilidhani atarudi baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kwamba mara nyingi nimeshika simu nikaiweka, kwa sababu nilikuwa nafikiria jinsi ya kueleza, na kila maelezo niliyoyapata yalinipa haki mimi. Kwamba nilikosea. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yake. Kuiambia mashine ni rahisi.

27 Machi

Hakuna jibu.

28 Machi

Hakuna jibu. Mapovu yamepungua, moja kwa dakika.

31 Machi

Jibu limekuja asubuhi. Nalinakili kama lilivyo.

“Aliijua ile bia kuwa ni chachu. Ilikuwa ndiyo ya kwanza kupika, na hakuwa amemwonjesha mtu. Alitaka uanze wewe. Hakutaka alama.”

Nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama ninavyosoma hesabu. Mara ya pili nilikagua yote niliyomwandikia: sikuwa nimeandika popote kwamba ile bia ilikuwa chachu, wala kwamba ilikuwa ya kwanza. Hilo la pili hata mimi nilikuwa silijui.

Nilikwenda jikoni. Mke wangu aliniangalia usoni, akazima jiko kabla sijasema kitu.

Akanieleza. Programu ile inafunguka kwa akaunti ya mwanetu. Kila ninachoandika hapa, yeye anakiona kule karakana, dakika ileile. Siku alipoona gramu tisini za hopsi alimpigia mama yake akauliza nani anachezea kompyuta yake. Mama yake akamwambia ni baba yako. Akasema basi atafunga akaunti. Hakuifunga. Akazirekebisha zile gramu.

Nikamuuliza tangu lini amejua kwamba mimi naongea naye nikidhani naongea na mashine. Akasema tangu tarehe kumi na moja, siku ile ya mchele.

“Na ukaninyamazia?”

“Mlikuwa mnaongea, Mwalimu. Nani angewakatiza?”

Nimefunga kompyuta.

1 Aprili

Nina hasira, na nimejaribu kuipanga ili niielewe. Kwanza, nimedanganywa. Pili, nimechekwa ndani ya nyumba yangu. Tatu, nimevuliwa nguo mbele ya mwanangu bila kujua kwamba yupo chumbani.

Nimeisoma orodha hii. La pili na la tatu ndiyo yaleyale aliyoyapata yeye kwangu. Hasira haikupungua kwa kujua hivyo.

4 Aprili

Nimeijaza bia kwenye chupa. Nimeifanya peke yangu, bila maoni ya mtu.

Kabla ya kujaza unapima kwa haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea. Kikizama zaidi, sukari imepungua. Ilikuwa imepungua vya kutosha. Inashauriwa kupima siku mbili mfululizo ili kuthibitisha kwamba imetulia kabisa. Nimepima mara moja. Kisha unatia sukari kidogo ya mwisho, hamira iliyobaki inaila ndani ya chupa iliyozibwa, gesi inakosa pa kutokea na ndiyo hiyo inayokuwa povu. Mapishi yalisema gramu mia na hamsini. Nimetia mia na hamsini. Chupa ishirini na tano za nusu lita, za kioo, zimepangwa stoo kwenye rafu ya katikati, juu ya pipa la unga.

Nimeziandika tarakimu zote kwenye programu, kwa kuwa mazoea ni mazoea. Maoni sikuyafungua.

6 Aprili

Simu yangu imelia saa tatu asubuhi. Jina lake. Miaka miwili sijaliona likiwaka pale. Nimeitazama mpaka ikanyamaza. Imelia tena, na tena. Nilijiambia kwamba anataka kuomba msamaha kwa ule mchezo na kwamba mimi sijawa tayari. Ukweli ni kwamba niliogopa sauti yake.

Baada ya hapo akampigia mama yake. Mke wangu amekuja na ujumbe: anasema usiziguse chupa bila kufunika uso, na uzitoe vizibo leo hii, sukari imezidi. Nilimjibu mke wangu kwamba nimefundisha shinikizo la gesi tangu huyo fundi hajazaliwa, na kwamba akiwa na la kusema aliandike kwenye mashine yake.

Mke wangu hakubishana. Alikwenda stoo, akahamisha unga wake na vitunguu vyake vyote, akavileta sebuleni.

“Wewe baki na shinikizo lako,” akasema. “Unga wangu hauna digrii.”

8 Aprili

Mke wangu amekwenda kwa binti yetu kwa siku tano. Nyumba ina sauti ya mvua tu.

9 Aprili

Mvua. Nimekula mkate.

11 Aprili

Naandika alasiri, na nina plasta kwenye sikio la kulia.

Saa mbili asubuhi nilisikia mlio stoo, mkavu, kama mlango uliogongwa na upepo. Nilipofika mlangoni, chupa moja ilikuwa haipo. Vipande vyake vilikuwa vimechomeka ukutani, kwenye gunia la mkaa, na kimoja kilisimama wima kwenye ubao wa rafu. Nikiwa nimesimama pale nikihesabu, ya pili ikapasuka. Kigae kilinipitia sikioni. Nilifunga mlango nikakaa chini ukumbini, na pale sakafuni ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya juma lililopita. Gramu mia na hamsini zilikuwa za lita ishirini. Mimi nilikuwa na kumi na tatu. Gramu kumi na moja na nusu kwa kila lita, badala ya saba na nusu, juu ya bia ambayo sikuhakikisha kwamba imemaliza kuchachuka. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona. Fundi wa kuchomelea aliliona, mwendo wa saa sita kutoka hapa.

Nikamtumia ujumbe wa maneno mawili: Zinapasuka. Akajibu: Niko njiani tangu alfajiri, Mama amesema hukuzifungua. Usiingie.

Alifika saa sita mchana. Nilifikiri sana tutasalimiana vipi, na hatukusalimiana hata kidogo. Alisema, “Mzee, hilo sikio,” akalisafisha kwa maji, akabandika plasta, akaniuliza zimebaki ngapi. Ishirini na tatu. Amenenepa kidogo. Ana alama za cheche mikononi, madoa madogo meupe, ambazo sikuwahi kuzitazama.

Kwenye gari alikuwa na vitu vya karakana: glavu za ngozi zinazofika viwikoni, aproni mbili za ngozi, kinga ya uso ya plastiki, na ile barakoa yao nzito, akiwa ameing'oa kioo cheusi na kuweka cheupe. Alinivisha mimi ya plastiki. Alinikaza mkanda kisogoni kama nilivyokuwa nikimfunga yeye kofia ya baridi. Nikamwambia naweza kusubiri nje. Akasema kazi hii inataka watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kufungua, na kwamba yeye atafungua.

Tulifanya hivi. Nilikuwa naifunika chupa kwa blanketi lililoloweshwa, naikumbatia juu ya beseni. Yeye anainua ukingo wa kizibo taratibu, gesi inatoka ikipiga mluzi, anasubiri, anainua tena. Haraka haifai, kwani povu litaitoa bia yote. Ya kwanza ilitoka yote hata hivyo, ikafika darini. Ya pili nayo. Ya tatu tukaiweza.

Kwenye ya tisa au ya kumi nikaanza. Ndani ya ile kinga sauti yangu ilinirudia usoni, na uso wake sikuuona vizuri, labda ndiyo maana niliweza.

“Yale niliyoyaandika, niliyaandikia mashine. Sasa nakuambia wewe. Nilikosea siku ile, na nimeendelea kukosea kila siku niliyonyamaza.”

Mkono wake ulisimama kwenye kizibo.

“Shika vizuri, Mzee,” akasema. “Hii imejaa.”

Nikashika vizuri. Ilipiga mluzi mrefu. Tulifungua nyingine mbili. Kisha, akiwa ameinamia beseni, akasema kwamba alitaka kuacha mchezo ule siku nilipomshukuru Msahihishaji. Alikaa karakana akitazama yale maneno na hakujua la kujibu, maana shukrani ile haikuwa yake. Nikamuuliza basi kwa nini alianza. Akasema hakupanga. Aliona gramu tisini za hopsi, na hawezi kuona kosa akaliacha.

“Umelitoa wapi hilo?” nikamuuliza.

Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha ndani ya barakoa, akalazimika kuiinua ili apumue.

12 Aprili

Amelala chumbani kwake. Asubuhi ameziba paa la stoo kabla sijaamka. Zimesalimika chupa kumi na sita. Tulimimina moja. Niliinywa nikaishika mdomoni. Ni kali kuliko ilivyopangwa, kwa sababu ya yale maji yaliyopotea, na ina ladha ya mkate ulioungua kidogo. Yeye alinitazama akingoja. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya sababu za kila ladha.

Nikasema inanywewa. Akasema ndiyo, inanywewa. Tukaimaliza.

Yule binti wa siku ile alimuoa mwaka jana, kimya kimya. Mke wangu alikuwepo. Ameniambia hayo akiwa anafunga mizigo, bila kunitazama, nami nimemuomba siku akiwa na nafasi amlete. Amesema ataona.

13 Aprili

Ameondoka. Mke wangu amerudi, amekagua dari ya stoo, akarudisha unga mahali pake.

20 Aprili

Jumapili. Mvua zimekatika. Mke wangu aliweka simu yake mezani saa tatu kama kawaida, nami nikafungua gazeti. Haikulia. Saa tatu na dakika tano ililia yangu, iliyokuwa chumbani, na ilibidi nikimbie.

Tuliongea dakika kumi na moja. Alitaka kujua kama lile paa bado linavuja. Halivuji. Nilimweleza kwa nini maji hupendelea kupita kwenye misumari, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuna mtu hapo karibu naye anataka kunisalimia, akampa simu.